Kinyozi Hajinyoi: Kura ya Mwananchi na Taa ya Mgeni

Litajwapo neno utamaduni, fikra za wengi wetu hukimbilia ngoma, vazi, ususi na mashairi. Hayo ni utamaduni kweli, wala mwandishi wa makala haya, ambaye naye hutunga beti apatapo wasaa baada ya kazi za ofisi, hawezi kuyabeza. Lakini Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 na kutangaza wizara itakayoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana, alikusudia jambo pana zaidi ya ngoma. Alikusudia roho ya taifa. Basi ikiwa utamaduni ni roho ya taifa, hapana budi tukubali kwamba namna watu wanavyowachagua viongozi wao, na namna wanavyokubali au kukataa matokeo ya uchaguzi huo, ni sehemu ya utamaduni wao kama ilivyo namna wanavyozika wafu wao na kuoza binti zao.

Katika makala haya nataka tulitafakari swali moja ambalo walimu huulizwa na wanafunzi wao, na mara nyingi hulijibu kwa haraka. Swali lenyewe ni hili: Je, ni aibu kwa taifa huru kupokea msaada wa mataifa mengine katika kuendesha uchaguzi wake? Wako wanaojibu kwamba ni aibu kubwa, kwa kuwa mwenye nyumba haalikwi kuhesabu fedha zake mbele ya wageni. Wako wanaojibu kwamba si aibu hata kidogo, kwa kuwa dunia ya leo ni kijiji, na jirani humwazima jirani moto. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili yana upungufu. Yafaa tuyapime.

Tuanze na mpiga kura mwenyewe, maana ndiye mwenye jambo. Tumchukue mama mmoja wa Mbagala, katika Wilaya ya Temeke. Tusimpe jina, kwa sababu wako maelfu mfano wake. Mama huyu anapanga chumba kimoja. Alfajiri huamka kupika vitumbua, mchana huuza mboga, na usiku huhesabu alichobakiza. Miaka mitano iliyopita alikuwa anapanga Tandale, katika Kinondoni, akahama kodi ilipopanda. Jina lake liliandikwa kule, na maisha yake yamehamia huku. Ili mama huyu apige kura, hana budi kwanza apate habari kwamba daftari linarekebishwa. Kisha aache biashara yake nusu siku aende kituoni. Kisha jina lake liandikwe bila kosa, libandikwe ukutani pahali anapoweza kulisoma au kusomewa. Kisha siku ya kura akikute kituo kimefunguliwa, karatasi zimefika, wino upo, kituturi kina faragha, na mawakala wameketi. Na jua likizama, ile karatasi moja aliyoitumbukiza sandukuni ihesabiwe kuwa moja, isiwe mbili wala isiwe sifuri.

Ukiyatazama hayo utaona kwamba haki ya kura, ambayo katika Katiba imeandikwa kwa maneno machache, kwa mama wa Mbagala ni mlolongo mrefu wa kazi za mikono. Na mikono hiyo hugharimu. Tena jiji lenyewe halisimami lisubiri. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na Kinondoni peke yake ilikuwa na watu 1,775,049, Temeke 1,368,881. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Wengi wa walioongezeka hawakukaa katikati ya mji. Walikwenda pembezoni, Chamazi, Bunju na kwingineko, ambako nyumba hutangulia na barabara hufuata, na ambako ofisi ya serikali ya mtaa huhudumia watu wengi kuliko ilivyokusudiwa. Daftari la wapiga kura katika jiji la namna hii ni sawa na mtungi unaovuja. Ukiacha kuujaza mwaka mmoja, utaukuta nusu.

Hapo ndipo mgeni hubisha hodi. Husema: Nimesikia mna kazi kubwa, nami ninayo fedha, ninao mafundi, ninazo mashine, nikusaidieni? Kabla hatujamjibu, tukumbuke kwamba si mara ya kwanza kumwona mlangoni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda New York akasema mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU. Alikuwa anaomba msaada wa kigeni? Ndiyo, kwa maana moja. Aliomba macho ya dunia yatazame nyumbani kwetu, ili mtawala asidai kwamba hakuna mtu anayetaka uhuru. Wala hakuna Mtanzania leo anayeona haya kwa ajili ya safari ile.

Lakini mgeni yuleyule ana sura ya pili. Uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima, uliofanyika kwa awamu mbili mwaka 1958 na 1959, uliwekewa masharti na mtawala. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo kinachotambuliwa. Tena kila mmoja alilazimishwa kupiga kura tatu, ya Mwafrika, ya Mwasia na ya Mzungu. Mkulima wa Rufiji na mchukuzi wa bandarini waliachwa nje ya mlango. TANU ilipokutana Tabora mwezi Januari 1958, wajumbe walishindana kwa uchungu juu ya kushiriki au kususa, na mwishowe wakaamua kuingia katika uchaguzi wenye kilema ili wauponye kutoka ndani. Wakashinda. Mwaka 1960 masharti yakalegezwa, na TANU ikapata viti 70 katika 71.

Tunajifunza nini? Kwamba mgeni anaweza kuwa shahidi wa haki yako, na mgeni huyohuyo anaweza kuwa mtunga masharti ya kukunyima. Kumwita mgeni mwema kwa kuwa ni mgeni, au mwovu kwa kuwa ni mgeni, ni uvivu wa kufikiri. Tutazame anachoshika mkononi.

Kisha tukajitawala, na likaja swali la watu wasiojua kusoma. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya katiba ya chama kimoja, wagombea wawili walishindana katika kila jimbo lenye ushindani, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Yule bibi asiyejua herufi alijua jembe, maana lilikuwa begani mwake kila siku. Na alijua nyumba, maana alikuwa ametoka humo asubuhi ile. Hata baadhi ya mawaziri waliangushwa kwa alama hizo mbili. Mfumo wenyewe wa chama kimoja una mengi ya kulaumiwa, na tuliuacha kwa sababu. Lakini jembe na nyumba vinatufundisha kwamba kumfungulia mlango mpiga kura si lazima kutokane na mashine ya ng'ambo. Wakati mwingine kunataka mtu mmoja akae chini na kumfikiria yule bibi.

Sasa tufike kwenye tukio ambalo wakazi wa Dar es Salaam wa umri wangu hawajalisahau. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi mwaka 1991 kuuliza maoni ya watu. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapima, ikapendekeza vyama vingi, kwa kuzingatia pia haki ya wale wachache. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa, na mwaka 1993 Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikaundwa, ikiongozwa na Jaji Lewis Makame. Uchaguzi mkuu ukapangwa tarehe 29 Oktoba 1995 kwa upande wa Bara. Nchi wahisani zilichangia fedha, na waangalizi kutoka nje wakaja wengi.

Siku ile katika jiji la Dar es Salaam kazi iliharibika. Watu walijipanga asubuhi na mapema, lakini vituo vingi vilichelewa mno kufunguliwa na vingine havikufunguliwa kabisa, kwa kuwa karatasi na vifaa vingine havikufika, au vilifika pungufu. Jua likawa la utosi, likawa la alasiri, watu wangali wamesimama. Hatimaye Tume ikaufuta uchaguzi katika majimbo yote saba ya jiji, na ukarudiwa tarehe 19 Novemba. Vyama vya upinzani vikaenda Mahakama Kuu kutaka uchaguzi wa nchi nzima ufutwe, havikufanikiwa. Na wagombea wao wa urais wakajitoa katika marudio yale.

Tuitazame foleni ile vizuri. Fedha za kigeni zilikuwa zimetolewa. Macho ya kigeni yalikuwapo. Na bado mama wa Temeke alirudi nyumbani jioni bila kupiga kura, miguu imevimba. Hii ndiyo hoja ya kwanza dhidi ya wale wanaodhani kwamba msaada wa nje ni dawa. Msaada waweza kununua wino, lakini hauwezi kununua uangalifu wa yule anayepaswa kuufikisha wino kituoni saa moja kabla ya saa. Uangalifu ni tunda la utamaduni wa kazi, na hilo haliletwi na meli.

Lakini foleni ile ina hoja ya pili, na hiyo inawahusu wale wasemao kwamba tusisaidiwe kamwe. Wenye deni siku ile tulikuwa nani, na anayetudai alikuwa nani? Aliyedai hakuwa balozi wa nchi yoyote. Alikuwa yule mama. Basi anayekataa chombo kinachohitajiwa, kwa kusema heshima ya taifa haikubali, na ajiulize heshima hiyo inalipwa na nani. Ikiwa inalipwa kwa miguu ya mama aliyesimama juani kutwa, hiyo si heshima. Ni fahari ya tajiri inayolipwa kwa jasho la mtumishi wake.

Hata hivyo hoja ya kujitegemea si hoja nyepesi, wala sitaki msomaji aipite haraka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba taifa linalotegemea zawadi na mikopo ya wengine kwa maendeleo yake linaweka uhuru wake rehani. Miaka miwili kabla ya Azimio, mwaka 1965, Ujerumani Magharibi ilipotumia msaada wake kutushinikiza juu ya uhusiano na Ujerumani Mashariki, serikali yetu iliona afadhali kuupoteza msaada kuliko kuamuliwa nani awe rafiki yetu. Wahenga nao walikwisha sema: Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na katika siku za karibu zaidi, uchaguzi wa Zanzibar wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulipofutwa na ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, shirika la Marekani la Millennium Challenge Corporation lilisimamisha mpango wa ushirikiano uliokuwa utoe mamia ya mamilioni ya dola, zaidi kwa ajili ya umeme. Wapo waliosema: Mwaona? Mkono utoao ndio mkono upigao.

Ni kweli, mkono utoao waweza kupiga. Lakini katika mfano huu wa mwisho tuulize swali la mwalimu wa hesabu: Je, ubaya ulikuwa wapi? Ikiwa tunasema ubaya wote ulikuwa kwa aliyenyima fedha, tutakuwa tumesahau kujiuliza kama lililofanyika nyumbani lilikuwa sawa. Jambo likiwa halali, ni halali hata tukinyimwa fedha. Likiwa si halali, si halali hata tukipewa. Mtu anayepima wema wa tendo lake kwa hasira au furaha ya mfadhili amekwisha kuwa mtumwa, hata kama ameukataa msaada.

Sasa nitoe mfano unaojulikana katika kila mtaa wa uswahilini, Tandika na Mwananyamala. Panapokuwa na harusi, mwenye shughuli hana sufuria za kutosha wala majamvi ya kutosha. Huazima kwa majirani, wala hakuna anayemcheka. Sufuria ikirudishwa imeoshwa, na siku jirani akiwa na shughuli, naye huazimwa. Tena katika ndoa hapana budi wawepo mashahidi. Shahidi huketi, husikiliza, hutazama. Na kesho yake akiulizwa, husema aliyoyaona. Lakini shahidi haozwi yeye. Na katika ndoa liko jambo la tatu ambalo haliazimwi wala halishuhudiwi kwa niaba ya mtu: ridhaa. Bibi arusi hulizwa yeye, na yeye ndiye hujibu.

Msaada wa kigeni katika uchaguzi nao una sura hizo tatu. Kuna kuazima vyombo, kuna kualika mashahidi, na kuna kuazima ridhaa.

Ama vyombo, hukumu yake ni nyepesi. Sanduku, wino, mashine ya kuchukua alama za vidole, mafunzo ya makarani, kitabu cha elimu ya mpiga kura, kifaa cha kumwezesha asiyeona kupiga kura yake bila kumtegemea mwingine: vyote hivi ni sufuria za shughuli. Vikipokewa hadharani, kwa hesabu iliyo wazi, na kwa nia ya kujitengenezea vyetu baadaye, havina aibu. Kilicho aibu ni kuazima sufuria ileile kila shughuli kwa miaka hamsini, huku fedha yetu wenyewe ikiliwa katika mapambo. Mwaka 2015 daftari liliandikwa upya kwa mashine za alama za vidole, na wapiga kura zaidi ya milioni 22 wakaandikishwa. Mashine zilichelewa, kazi ikaburutika, kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa iliyopangwa tarehe 30 Aprili ikaahirishwa. Dar es Salaam ikafikiwa katikati ya mwaka, kwa misururu mirefu. Hata hivyo kazi ilikwisha, na Oktoba watu walipiga kura. Ucheleweshaji ule ni somo kwamba chombo chochote, kiwe cha kununua au cha kuazima, hakitumiki vema kikifika mlangoni siku ya harusi.

Ama mashahidi, hapa ndipo wengi hukwazika. Husema: Kwa nini tutazamwe? Jibu ni methali fupi: Kinyozi hajinyoi. Mtu anaweza kuwa kinyozi hodari kuliko wote wa Manzese, akanyoa vichwa mia bila kumkata mtu; lakini kisogo chake mwenyewe hakioni. Si kwamba hana ujuzi. Si kwamba hana nia njema. Ni kwamba hapo alipo hapaoni. Serikali inayosimamia uchaguzi ambao viongozi wake wenyewe wanagombea iko katika hali ya kinyozi huyo, hata ikiwa ya malaika. Kadhalika chama cha upinzani kinachohesabu malalamiko yake chenyewe. Wote wanahitaji mtu wa kushika kioo nyuma yao.

Lakini kinyozi wa kisogo chako hakimiliki kichwa chako. Ananyoa, anapokea shukrani, anaondoka. Akianza kukwambia uvae kofia gani, umwondoe kitini.

Wala tusidhani kwamba sisi ni watu wa kutazamwa tu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mstari wa mbele zilizodai kwa miaka mingi kwamba Namibia ipate uhuru wake kwa uchaguzi unaosimamiwa na Umoja wa Mataifa, na uchaguzi huo ukafanyika mwaka 1989. Hatukuuona usimamizi ule kuwa tusi kwa Wanamibia. Mwaka 2022 Rais mstaafu Jakaya Kikwete aliongoza ujumbe wa waangalizi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki katika uchaguzi wa Kenya. Basi tukienda kwa jirani tukashika kioo, kwa haki gani tutakataa jirani naye akija ashike? Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Usawa huu ndio unaogeuza kutazamwa kutoka kuwa udhalili ukawa ujirani mwema.

Hapa sina budi kulitaja jambo la majonzi, maana makala ya maadili inayokwepa majonzi ya jana haiwafundishi vijana lolote. Uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliandamana na ghasia na vifo, na jiji letu lilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia. Chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwa na mgombea katika kinyang'anyiro cha urais. Intaneti ilizimwa, na Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Waangalizi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika na wa Umoja wa Afrika walisema kwamba uchaguzi ule haukufikia misingi ambayo nchi wanachama, na sisi tukiwamo, zilikwisha kubaliana. Baadaye Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Nisemalo mimi ni hili tu: walioshika kioo safari ile hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa ndugu, wengine kutoka nchi ambazo wapigania uhuru wake walipata hifadhi katika ardhi yetu. Maneno ya ndugu wa namna hiyo hayapaswi kujibiwa kwa kuuliza nani aliyewatuma. Yajibiwe kwa kugeuza shingo na kutazama kisogo. Na maiti za vijana, awe aliyekufa ametoka nyumba yoyote na chama chochote, hazina upande. Zina mama zao.

Ama ridhaa, hiyo ndiyo isiyoazimwa. Mgeni akitaka kutuchagulia nani agombee, au akimpa mgombea mmoja fedha kwa siri, au akitangaza mshindi kabla wananchi hawajatangaza, amevuka kizingiti cha chumba cha ndani. Lakini yupo mwenyeji naye anayekivuka kizingiti hichohicho, na hatumsemi sana. Anayemnunulia mpiga kura kanga na kilo ya sukari anaazima ridhaa. Anayemtisha mpangaji kwamba atafukuzwa chumbani anaipora ridhaa. Anayeongeza karatasi sandukuni anaighushi. Ubeberu ni kumwamulia mtu jambo lake bila yeye, na jina hilo halibadiliki kwa kuwa aliyeamua anasema Kiswahili fasaha.

Nimefika pale nilipotaka tufike. Tuliuliza kama ni aibu kupokea msaada wa mataifa. Naona kwamba aibu haimo katika kupokea wala katika kukataa. Aibu imo katika kumsahau anayetudai. Msaada unaomfikisha mama wa Mbagala kwenye kituturi na kuihesabu kura yake kuwa moja ni halali, na mwenyeji aupokee bila kuinama. Msaada unaopita juu ya kichwa chake kwenda kwenye semina za hoteli kubwa hauna maana, hata ukiwa wa mamilioni. Na kukataa msaada kunakomwacha juani ni dhuluma iliyovaa vazi la uzalendo.

Liko pia jambo la ndani zaidi. Tunapomwita shahidi wa mbali, mara nyingi si kwa kuwa hatuna watu wenye macho. Ni kwa kuwa hatuaminiani. Walimu wetu wanajua kuhesabu. Makarani wetu wanajua kuandika. Kinachokosekana ni kwamba mwenye kadi ya chama hiki hamwamini mwenye kadi ya chama kile, ingawa wanateka maji katika bomba moja na kuzikana wanapofiwa. Utegemezi wa fedha unaweza kukoma kwa bajeti moja nzuri. Utegemezi wa imani haukomi hivyo. Huo unakomeshwa kwa miaka mingi ya matendo madogo ya haki.

Na matendo hayo yanaweza kuanza shuleni. Mwalimu, unapoendesha uchaguzi wa viranja, hesabu kura mbele ya darasa, na aliyeshindwa umpe nafasi ya kuzihesabu tena. Usimwondoe mshindi usiyempenda. Mwanafunzi, daftari linapobandikwa mtaani, msindikize bibi yako akalisomewe, na jina la jirani likiwa limekosewa mwambie, hata kama unajua atampigia kura mtu usiyemtaka. Sheria inamruhusu mpiga kura asiyeona aje na mtu anayemwamini. Ukichaguliwa kuwa mtu huyo, andika alichokwambia, usiandike ulichopenda. Hayo hayatangazwi redioni. Lakini mtoto aliyeyafanya akiwa na miaka kumi na sita, akija kuwa msimamizi wa kituo akiwa na arobaini, hatahitaji mgeni wa kumkumbusha. Siku watu wa namna hiyo watakapotosha kujaza vituo vyote kutoka Bunju hadi Chamazi, mgeni atakuja bado, maana sisi ni watu wa kukaribisha. Lakini atakuja kunywa kahawa na kujifunza, kisha atuage kwa heri.

Nami, kwa mazoea ya watu wa fani yangu, naomba kufunga kwa ubeti mmoja:

Kura ni ya mwenye nyumba, mgeni awe shahidi,
Na taa tuliyoomba, ituonyeshe idadi,
Haki tusije ifumba, tukavunja itikadi,
Atokaye kwenye chumba, kwake tunayo ahadi.